Sakafu ya Klavdia

Kapteni Arseni Khomutov alivua buti zake mlangoni, kama apasavyo mgeni, akaingia na soksi. Hatua ya kwanza tu, soksi zikalowa. Sakafu ilikuwa imetoka kudekiwa sasa hivi. Tambara lilikuwa bado linachuruzika kwenye ukingo wa ndoo kando ya jiko. Alikaa alipoonyeshwa, akapokea chai na kijiko cha jamu, akaanza kuuliza maswali ya jana kana kwamba hajawahi kuyauliza.

Mwenye nyumba, Klavdia Nikiforovna, alikuwa mfumaji mstaafu wa kiwanda cha kitani cha Zalesk, mwanamke mfupi, mikono mikubwa, maneno machache. Alijibu yale yale ya jana. Mumewe, Terenti Lukich Babanin, alisafiri Jumapili kwenda Riga kwa binti yao. Alibeba mfuko mdogo. Hakutaka kusindikizwa. Kwa nini hakufika, yeye hajui. Treni siku hizi zinakwenda zinavyopenda, na Riga imekwisha kuwa nchi ya watu, labda wamemzuia mpakani.

Huyo Babanin alikuwa Katibu wa Chama pale kiwandani miaka na miaka, mpaka Agosti iliyopita Chama chenyewe kilipofungiwa mlango. Hakuwa mtu mbaya, ukiwauliza watu kwa faragha. Kosa lake kubwa lilikuwa hotuba ndefu.

"Alivaa nini siku hiyo, mama?"

"Koti lake."

"Koti lake liko kituoni kwangu. Nimelivua mwilini mwa Fyodor Shubin."

Klavdia aligeukia dirisha. Alikuwa akiziba nyufa zake ili baridi isipenye, kazi ambayo wenzake waliimaliza tangu Oktoba. Mezani palikuwa na bakuli la sabuni ya kufulia, ile ya mche, imekunwa na kulainishwa kwa maji moto mpaka ikawa uji, na kando yake magazeti yaliyokatwa kanda ndefu. Alipaka uji ule kwenye ukanda mmoja, akaubandika juu ya ufa, akaupitishia kidole gumba toka juu mpaka chini.

"Hayo ya koti muulizeni Fyodor," alisema.

Khomutov akamweleza polepole, ili lisije likamponyoka hata neno moja. Jioni hii gari linakuja kutoka mkoani kumchukua Shubin. Mwendesha mashtaka amekwisha kuandika: mauaji. Mwezi wa Agosti, mbele ya lango la kiwanda na watu wote wakisikia, Shubin alimpigia Katibu kelele kwamba iko siku atamvua koti lile hadharani. Sasa koti ameonekana nalo, na mwenye koti hayupo. Kwa hakimu wa mkoani hayo yanatosha.

"Bila maiti?"

"Bila maiti, mama."

Mkono ulisimama juu ya kioo. Kisha ukaendelea. Khomutov akamaliza chai yake, akashukuru, akavaa buti juu ya soksi mbichi, akatoka.

Nje ya mlango alisimama kidogo. Watu wa Zalesk, na si wa Zalesk peke yao, hawadeki nyuma ya msafiri. Mtu akiondoka, ufagio hukaa pembeni na ndoo hukaa kavu mpaka habari ije kwamba amefika. Ukidharau ukadeki, umefuta nyayo zake. Njia ya kurudi haioni tena. Nyumba hudekiwa upesi siku moja tu, siku jeneza linapotolewa, na hapo hudekiwa makusudi, ili aliyekwenda asirudi. Hata wale waliofundishwa utotoni kwamba Mungu hayupo walilishika jambo hili. Khomutov mwenyewe, mkewe Neli alipochukua binti na masanduku mwezi wa Aprili akarudi kwao Kishinau, hakuigusa sakafu. Neli alifika salama, akapiga simu kusema amefika, na akasema na mengine: asimsubiri. Mpaka leo, mwisho wa Desemba, sakafu ya kapteni ilikuwa haijaonja maji. Alikuwa akiona aibu, lakini hadeki.

Njia ya mwongo ni fupi, alijisemea, akabisha mlango wa pili.

Jirani, Zoya Bulkina, ndiye mwenye simu pekee katika ghorofa ile tangu ya akina Babanin ilipokatwa. Ndiye pia aliyeiwasha habari yote: binti alipopiga simu kutoka Riga kuwasalimu wazazi, Zoya akamwambia, kwani baba yako si yuko huko kwako? Mdomo wa Zoya haukuwa na mlango, lakini ulikuwa haudanganyi. Khomutov alimwuliza swali moja tu: zamani Katibu akisafiri, Klavdia alikuwa akidekije?

Alikuwa hadeki, Zoya akasema. Mwaka mmoja mzee kaenda mkutano wa mkoa, chupa ya mafuta ya alizeti ikaanguka jikoni ikapasuka. Klavdia alitandika magazeti juu ya mafuta, akawa anarukaruka kama mbuzi, tambara hakulishika mpaka mumewe alipopiga simu. Na safari hii? Safari hii anadeki kila siku iendayo kwa Mungu. Zoya anaisikia ndoo ukutani.

"Nilipoisikia mara ya kwanza nikajua mzee wa watu harudi," alisema, sauti ikashuka. "Sikukwambia. Wewe ni mwanamume, tena polisi. Ungenicheka."

"Sicheki, Zoya."

Akamwuliza kama Klavdia hutoka. Hutoka jioni tu, Zoya akasema, na kopo la supu, kwenda kiwandani kulisha paka. Mlinzi wa lango anamjua toka enzi za ufumaji wake, anampitisha. Khomutov akauliza ni supu gani. Ya kabichi chachu. Akasimama ngazini akilifikiri jambo hilo, maana katika maisha yake hajaona paka anayekula kabichi chachu, hata wakati wa njaa.

*

Kituoni alipiga simu mkoani kuomba siku mbili. Mwendesha mashtaka alikuwa na haraka. Alisema yeye anataka kufunga majalada yote ya zamani wiki hii, nchi mpya ianze na meza safi. Khomutov akauliza nchi mpya inaitwaje, maana na yeye ana barua za kuandika. Yule bwana akasema hayo wataelezwa, na gari limekwisha kuondoka.

Jana usiku, kutoka Moscow, Rais wa Muungano alikuwa ametokea kwenye televisheni, akasema yake, akaaga. Muungano haupo. Khomutov alimsikiliza peke yake, na sahani ya dagaa wa kopo magotini, upepo ukipiga mluzi kwenye nyufa za dirisha lake ambazo mwaka huu hakuna aliyeziziba. Alipomaliza kusikiliza alitaka kumwambia mtu. Alikaa na simu mkononi, akakumbuka kwamba kupiga Kishinau sasa ni kupiga nchi za nje, akairudisha mahali pake.

Alimtoa Shubin mahabusu, akamketisha, akampa sigara. Fyodor Shubin alikuwa fundi umeme wa kiwandani, mrefu, mkaidi, mwenye ulimi wa msumeno siku zote isipokuwa hizi. Koti lilikuwa mezani kati yao: sufu nzito ya kijivu, kola ya manyoya. Khomutov alilipindua kwa mara ya kumi. Hakuna damu, hakuna mshono ulioachia, vifungo vyote mahali pake. Koti lililovuliwa kwa nguvu haliwi hivi.

"Alinipa," Shubin alisema. Ndilo neno pekee alilokuwa akilisema tangu akamatwe.

"Wapi?"

Shubin alipuliza moshi.

"Lini?"

Shubin akakung'uta majivu.

"Fedya, wewe na mimi tumecheza mpira uwanja mmoja. Hili koti litakula miaka yako kumi na tano. Nikuambie ninavyofikiri? Nafikiri mzee amekufa, na mkewe anajua alipo. Wewe unamfichia nini yule mama?"

Shubin alimtazama muda mrefu. Usoni mwake palipita kitu ambacho Khomutov hakukielewa. Kama angekuwa mahali pengine angesema jamaa anazuia kicheko.

"Mwache mama yule," Shubin alisema. "Hana kosa." Alivuta sigara mpaka ikafika vidoleni. "Walinzi wako wanasema jana limetangazwa jambo."

Khomutov akamweleza. Shubin akasikiliza, kichwa chini, kisha akauliza swali la ajabu.

"Lilitangazwa kwenye televisheni tu? Au na zile redio za waya, za ukutani?"

"Na zile pia. Kwa nini?"

"Nauliza tu," Shubin alisema, akageuza uso. Alikuwa amehuzunika, hilo halikufichika, na hakuwa mtu wa kuulilia Muungano. Khomutov alilihifadhi swali lile kichwani bila kujua la kulifanyia nini. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ulikuwa haujasikika bado.

*

Kiwanda kilikuwa wazi lakini hakikuwa kikifanya kazi. Mashine mbili tatu zilikuwa zikizungushwa ili zisigande. Mlinzi wa lango alimpungia mkono kapteni bila kutoka kibandani. Alikuwa amemzoea, maana wiki ile ile Khomutov na vijana wake walikwisha kupekua kila pembe: ghala la kitani, tanuri, mashimo ya maji, mpaka marundo ya nyuzi mbovu nyuma ya karakana. Walifungua kila mlango.

Kila mlango isipokuwa mmoja. Aligundua hilo akiwa katikati ya uwanja, akasimama palepale thelujini.

Mlango ule ulikuwa ghorofa ya pili, mwisho wa ukumbi: ofisi ya Katibu wa Chama. Mwezi wa Agosti ilikuja tume, ikamtoa Babanin, ikabandika ukanda wa karatasi kati ya ubao na fremu, ikagonga muhuri, ikatia sahihi tatu. Sahihi ya tatu ilikuwa ya Khomutov mwenyewe. Alialikwa kama shahidi. Na wiki hii, wakipekua, walipita mbele ya mlango ule, kijana wake mmoja akasema, "Huu una muhuri," wote wakaendelea na safari yao. Muhuri hauguswi. Unazaliwa hivyo, unafundishwa hivyo, unakufa hivyo. Nchi iliyougonga ilikuwa imezimika jana kwenye televisheni kama taa, na bado hakuna aliyethubutu kuuwekea kidole.

Alipanda ngazi. Ukumbi ulikuwa na giza la mchana wa Desemba, mabomba ya joto yakinguruma kwa mbali. Alichuchumaa mbele ya ukanda. Muhuri ulikuwa wake, na sahihi ilikuwa yake, ile ya haraka anayoiandika akiwa hana raha. Lakini tume ilitumia gundi ya ofisini, ile ya rangi ya asali iliyoungua, ambayo ikikauka hupasuka na kuacha ukoko wa manjano. Ukingo huu ulikuwa mweupe. Alisogeza pua.

Sabuni ya kufulia.

Akapapasa. Sehemu moja ilikuwa bado na unyevu. Ukanda ulibanduliwa na kubandikwa, tena si mara moja. Na aliyeubandika alimaliza kwa kupitisha kidole gumba toka juu mpaka chini, alama yake ilikuwepo.

Khomutov aliinuka, magoti yakalia. Alikuwa amekwisha kuiona picha yote, na haikumfurahisha: mzee amekufa humu ndani, kwa mkono wake au wa mwingine, na mkewe amemfungia kama kaburini, anakuja kila jioni na supu anayoimwaga mahali, kisha anarudi kudeki. Amejua kwamba harudi. Sheria inataka mashahidi wawili kabla ya kuvunja mlango wenye muhuri. Alikuwa akigeuka kwenda kumwita mlinzi, alipomwona Klavdia.

Alikuwa amesimama juu ya ngazi, shali kichwani, kopo mkononi limefungwa kwa taulo. Alikuja mapema leo. Kwa kawaida huja jioni.

"Klavdia Nikiforovna," Khomutov alisema, "umemuua?"

Alimwangalia kana kwamba ameulizwa kwa lugha ya kigeni.

"Nimuue? Mimi namletea supu."

Khomutov alitazama mlango, akatazama kopo linalofuka moshi. Kisha sakafu ikamjia yote upya, mbao kwa mbao, akatamani kujipiga kofi. Mwanamke mwenye msafiri njiani hadeki, kweli. Basi huyu alikuwa hana msafiri. Mumewe hakwenda popote. Uongo ule aliuweza mdomoni, lakini mikono ilimshinda, ikawa inadeki kila siku kama kawaida, kwa sababu mikono ilijua mzee yuko mtaa wa pili.

"Sema chini chini," Klavdia alimwambia. "Anafanya kazi."

Walisogea dirishani. Akaeleza kwa kunong'ona, akilishikilia kopo kifuani ili lisipoe. Tangu Agosti mzee alikuwa akikaa nyumbani akiangalia ukuta. Hali, halali, hajibu. Novemba alimkuta stoo na mshipi mkononi, amesimama tu, anauangalia. Basi Jumapili ile alitoka bila kusema. Akamfuata nyayo thelujini mpaka huku, akamkuta amebandua ukanda, ameingia, amekaa mezani kwake, anaandika mpango wa mwaka ujao wa kitani. Akamwambia, "Klava, nina njaa." Ilikuwa mara ya kwanza tangu Agosti.

"Ungefanyaje wewe?" aliuliza. "Ningemtoa?"

Akamfungia humo. Choo kimo, cheo kilikuwa na faida zake. Joto limo. Na ili awe na amani alimwambia kwamba Moscow wanazungumza, mambo yatarekebishwa, watampigia simu wakimhitaji. Redio ya ukutani alikuwa amekwisha kuikatia waya huku ukumbini, asije akasikia. La jana hajui. Anadhani Muungano upo.

"Na Fedya?"

Machozi yalimtoka hapo, bila sauti. Mumewe alimwambia kwamba fundi mmoja alipita kukagua fyuzi akamkuta, akampa koti kwa kuwa jamaa alikuwa na fulana tu. Alipokamatwa, Klavdia alidhani watamshika siku mbili wamwachie, maana siku hizi nani ana nafasi ya kufunga watu. Hakumwambia mzee. Angetoka mbio, na angetoka akutane na haya yote. Kisha leo amesikia habari ya gari la mkoani.

"Nilikuwa nakuja kumwambia," alisema. "Haki ya Mungu, ndiyo maana nimekuja sasa hivi. Nimemwonea mtoto wa watu. Fungua, kapteni. Lakini nakuomba, hilo la jana usimwambie. Mwite tu kwa kazi. Akiitwa kwa kazi atakuja."

*

Ukanda ulibanduka kwa kucha tu. Ndani palikuwa na joto na harufu ya kabichi. Terenti Lukich Babanin alikuwa mezani, sweta na tai, miwani puani, kalamu mkononi. Alikuwa amekonda. Alimtazama kapteni aliyesimama mlangoni, akatazama na ukanda uliokuwa ukining'inia.

"Kwa amri ya nani?" aliuliza.

Khomutov alikuwa hana amri ya mtu yeyote. Aliingiza mkono kifuani akatoa kitambulisho chake chekundu, chenye nembo na jina la Muungano kwa herufi za dhahabu, akakiweka mezani. Babanin alikifungua, akakisoma chote, akalinganisha picha na uso, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Sawasawa," alisema. "Nakusikiliza, Ndugu Kapteni."

"Ndugu Katibu, unahitajika kituoni kutoa ushahidi. Mfanyakazi wa kiwanda hiki, Fyodor Shubin, ameshikwa kwa koti lako. Wanadhani amekuua."

Mzee aliinuka kabla neno la mwisho halijatoka. Uso wake uliingia damu.

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Na hakusema nipo wapi?"

"Hakusema."

Babanin alikaa tena, taratibu, akavua miwani. Kisha akamwambia mkewe kwamba hawezi kutoka hivi, nje kuna baridi. Ashuke kwa mlinzi amwazimie koti lolote. Klavdia akaweka kopo mezani, akamtupia Khomutov jicho la kumwomba, akashuka. Mzee alisubiri mpaka vishindo vyake vikafika chini. Kisha akanyoosha mkono nyuma ya kabati, akageuza kitufe.

Sauti ya mwanamke ilitoka, ndogo kama mbu, ikisoma hali ya hewa. Nyuma ya kabati palikuwa na kisanduku cha redio ya waya, na waya mpya mweusi uliofungwa vizuri, kazi ya fundi.

"Fedya alinitengenezea," Babanin alisema. "Alikuja kukata umeme wa upande huu, akanikuta. Nikadhani atanicheka mji mzima. Akaniuliza, Katibu, hali yako? Nikamwambia, niunganishie redio, na usimwambie mtu, hasa mke wangu. Akaapa kwa kaburi la mama yake. Sikuwa na kitu cha kumpa ila koti."

Khomutov alilikumbuka lile swali. Lilitangazwa na kwenye redio za waya? Jamaa alikuwa anakwenda jela miaka kumi na tano, na alichokiuliza ni kama mzee amesikia.

"Kwa hiyo jana..."

"Nilisikia. Yote. Nilikaa hapa gizani." Mzee alisema bila kutetemeka, kama mtu anayesoma kumbukumbu za kikao. "Niliumia, kapteni. Niliumia sana, na sikuwa na wa kumwambia. Asubuhi nikaanza kusubiri supu yangu ya jioni, kama kawaida."

"Mkeo anaamini hujui."

"Ndiyo. Tangu aamini hivyo amepata usingizi. Miezi minne hakulala, alikuwa ananilinda mimi na mishipi yangu. Sasa anakuja hapa kila jioni, anakaa kile kiti, ananisimulia Moscow wanavyozungumza. Ananitungia mpaka majina ya wajumbe." Kidogo atabasamu. "Hajui kusema uongo, masikini. Mwache aendelee."

Alizima redio. Vishindo vilikuwa vikipanda ngazi. Alikunja karatasi za mpango wa kitani, akazipanga ukingo kwa ukingo, akazifungia mtotoni mwa meza.

*

Gari la mkoani lilipofika lilimkuta mtu aliyeuawa amekaa kituoni anakunywa chai. Dereva alitia sahihi kwamba hakuna mzigo, akageuza. Mwendesha mashtaka kwenye simu alisema maneno ambayo Khomutov hakuyaandika. Shubin alitolewa. Alisimama mbele ya mzee, koti mkononi, akalinyoosha. Babanin akalisukuma nyuma.

"Vaa. Ulisema utanivua mbele ya watu. Haya, watu ndio hawa."

"Nilisema ujinga, mzee," Shubin alisema, na kwa mara ya kwanza macho yalimjaa. Akalivaa, likambana mabegani, akaenda zake bila kuaga, maana alikuwa hawezi.

Kwenye ngazi za kituo Klavdia alimvuta kapteni mkono, mumewe akiwa ametangulia hatua chache na koti la mlinzi lililomfika magotini.

"Amejua?" alinong'ona.

Khomutov alikuwa amefanya kazi ya kutafuta ukweli miaka ishirini na kitu, na ukweli ulikuwa pale, hatua chache mbele yao, umesimama barafuni unajifanya kufunga kifungo.

"Hajui chochote," alisema.

"Ashukuriwe Mungu. Nyumbani nitamwambia televisheni imeharibika." Alimkimbilia mumewe, akamshika kiwiko asiteleze.

Walikuwa wamekwisha kufika barabarani mzee aliposimama akageuka. Alisema kwa sauti ya hotuba, ile ya zamani, ili isikike vizuri kwa yule aliyemshika mkono.

"Ndugu Kapteni! Moscow wakipiga simu, waambie nipo nyumbani."

"Nitawaambia, Ndugu Katibu," Khomutov akajibu.

Waliendelea, wamebanana, kila mmoja akimwangalia mwenzake asianguke. Khomutov aliwasindikiza kwa macho mpaka wakakata kona. Kisha akaingia ndani, akakaa karibu na simu, akiifikiria Kishinau.